Akiba ya sekunde: mwongozo wa dereva asiyetaka kuponea chupuchupu

Muulize dereva yeyote aliyetoka kwenye ajali, jibu utakalopata ni lile lile: "Ilikuwa ghafla." Nimefundisha udereva kwa miaka mingi, na kila ninapokaa na mtu wa namna hiyo tukalifumua tukio lake kidogo kidogo, ghafla hiyo huyeyuka. Mtoto alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara muda mrefu kabla hajavuka. Lori la mbele lilishawasha taa za breki mara mbili. Mvua ilianza kunyesha tangu mlima ule wa nyuma. Dalili zote zilikuwepo. Kilichokosekana ni muda wa kuzitumia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Siwezi kuizoea idadi hiyo. Wengi kati yao walikosa sekunde mbili au tatu tu. Kwa hiyo mwongozo huu wote unahusu jambo moja: kujiwekea akiba ya sekunde kabla hujazihitaji. Wazee walisema akiba haiozi, nami sijui mahali ambapo neno hilo lina uzito kuliko nyuma ya usukani.

Hatua ya kwanza: lizunguke gari kabla ya kuingia

Dakika mbili zinatosha. Anza na matairi. Gari zima pamoja na wote waliomo linashikwa na barabara kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikikaribia kutoshana na kiganja cha mkono. Pima upepo matairi yakiwa baridi, kabla ya safari. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva, na katika baadhi ya magari kipo nyuma ya kifuniko cha tangi la mafuta. Usifuate namba ya upepo iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, maana hicho ni kiwango cha juu kabisa ambacho tairi lenyewe linaruhusiwa kujazwa.

Hapa niseme waziwazi, kwa sababu imani hii inaua watu. Madereva wengi hupunguza upepo wakati wa joto au kabla ya safari ndefu, wakihofia tairi litapasuka. Ukweli ni kinyume chake. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka, kujikunja huko huzaa joto, na joto hilo ndilo linalolipasua ukiwa kasi na gari limejaa. Jaza kipimo kilichoandikwa, na kama umebeba mzigo mkubwa, angalia kibandiko hicho hicho, mara nyingi kina kipimo cha pili cha gari lenye mzigo.

Tafuta pia, ubavuni mwa tairi, tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na DOT. Ukikuta 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, kwa hiyo tairi "jipya" lililokaa rafu miaka mingi si jipya. Kuhusu meno ya tairi, nchi nyingi zimeweka milimita 1.6 kuwa mwisho wa kisheria. Mimi hubadilisha likifika milimita 3, kwa sababu kazi ya mifereji ile ni kufukuza maji, na mfereji uliokaribia kuisha haufukuzi kitu.

Kisha futa vioo, nje na ndani. Utando mwembamba wa ndani hauonekani mchana, ila usiku ukipigwa na taa za gari linalokuja hugeuka pazia jeupe. Kagua taa zote. Ondoa chochote kilicholegea sakafuni upande wa dereva: chupa inayoviringika mpaka ikakwama chini ya kanyagio la breki imeshaua. Mwisho kabisa, tazama nyuma ya gari na uvunguni. Mtoto mdogo aliyechuchumaa nyuma ya bampa haonekani kwenye kioo chochote, hata ungekuwa dereva hodari namna gani.

Hatua ya pili: kaa, funga, rekebisha

Sogeza kiti mpaka uweze kukanyaga breki hadi mwisho na goti likabaki limekunjika kidogo. Egemea kiti, nyoosha mikono: vifundo vya mikono vifike juu ya usukani bila mgongo kuachana na kiti. Kifua kikae angalau sentimita 25 kutoka kwenye usukani, kwa sababu mfuko wa hewa uliomo humo hufumuka kwa nguvu kubwa. Shika usukani pande zote mbili, mkono mmoja ulipo mshale wa saa kwenye 9 na mwingine kwenye 3. Kiegemeo cha kichwa kipandishwe hadi kilingane na utosi wako; kikiwa chini ya hapo, ukigongwa kwa nyuma shingo inakuwa bawaba.

Mkanda upite juu ya mifupa ya nyonga, kamwe si juu ya tumbo, na sehemu ya juu ipite katikati ya bega. Mjamzito naye afunge, sehemu ya chini ikikaa chini ya ujauzito. Mkanda huu unaoshika sehemu tatu za mwili ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na kampuni hiyo ikawaachia watengenezaji wengine wautumie bila malipo. Hupunguza hatari ya kifo kwa waliomo garini hadi kufikia nusu. Sijui kifaa kingine cha bei hiyo chenye faida hiyo.

Wa nyuma nao wafunge. Abiria wa nyuma asiyefunga, gari likigonga kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, yeye huendelea na mwendo ule ule mpaka akutane na kiti cha mbele na mtu aliyekikalia. Na mama anayempakata mtoto akiamini mikono yake itamshika, namwomba asikie hili: mtoto wa kilo 10 katika mgongano kama huo huvutwa mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo mia kadhaa. Hakuna mikono inayoweza. Mtoto ana kiti chake, na kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kabisa mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Hatua ya tatu: jifunze kuhesabu umbali kwa sekunde

Hii ndiyo hatua ninayoitumia muda mwingi zaidi na wanafunzi, kwa sababu macho ya mwanadamu hayakuumbwa kukadiria kasi. Kwa kilomita 50 kwa saa gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Kwa 80 linakula mita 22. Kwa 100, karibu mita 28. Tangu jicho lione hatari mpaka mguu ukanyage breki, dereva mwangalifu hutumia sekunde moja na nusu hivi. Muda huo wote gari linakwenda kwa kasi yake kamili, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Halafu kuna kusimama kwenyewe, na hapo hesabu inakuwa kali zaidi. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa breki huongezeka mara nne. Gari zuri kwenye lami kavu, likienda 50, litahitaji mita 35 hivi kusimama, ukijumlisha muda wa kushtuka na wa breki. Likienda 100 litahitaji karibu mita 100.

Sasa weka magari mawili sambamba, moja linakwenda 50, jingine 60. Mtoto anatokea mita 35 mbele. Madereva wote wawili wanamwona kwa wakati mmoja na kukanyaga breki kwa wakati mmoja. Gari la kwanza linasimama magotini pake. La pili, likifika pale pale, bado linakwenda zaidi ya kilomita 40 kwa saa. Kumi zile tu. Nimewahi kuichora hesabu hii ubaoni nikaona darasa zima limenyamaza.

Kwa hiyo fanya hivi. Gari la mbele likipita alama yoyote isiyosogea, nguzo, mti, kivuli cha daraja, anza kuhesabu: mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu. Ukiifikia alama hiyo kabla hujamaliza, uko karibu mno. Ondoa mguu kwenye mafuta mpaka nafasi irudi. Sekunde tatu kwenye lami kavu mchana. Mvua ikinyesha, ziwe sita. Ukiwa na mzigo mzito au trela, ongeza tena.

Kila mara mtu huniuliza: je, mwingine akijiingiza kwenye nafasi hiyo? Mwache aingie, kisha legeza mafuta ujenge nafasi mpya. Amekugharimu sekunde tatu. Wakijiingiza kumi katika safari nzima, utachelewa nusu dakika. Hesabu hii huituliza mioyo ya madereva kuliko nasaha yoyote ninayoijua.

Hatua ya nne: peleka macho mbali, yarudishe, yapeleke tena

Dereva mgeni hutazama boneti lake. Aliyekomaa hutazama mahali atakapokuwa baada ya sekunde kumi na mbili, kisha vioo, kisha karibu, kisha mbali tena. Macho yakigota mahali pamoja, akili nayo hulala.

Jifunze kusoma vitu vidogo. Gari lililoegeshwa: tazama magurudumu yake ya mbele, yakianza kugeuka linatoka, hata kama dereva wake hajawasha indiketa. Tazama chini ya magari yaliyosimama, utaona miguu ya mtu kabla hujamwona mwenyewe. Basi limesimama, basi kuna mtu atakayevuka mbele yake bila kukuona. Mpira ukivuka barabara, mtoto yuko nyuma yake. Mnyama mmoja akivuka, kundi linafuata. Gari limesimama kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, hata kama huoni kwa nini limesimama, usilipite.

Pikipiki na baiskeli zinahitaji jicho la pili, na nasema hivyo kwa maana halisi. Nguzo za kioo cha mbele zinaweza kuficha pikipiki nzima pamoja na aliyepanda. Ukifika kwenye makutano, inama mbele kidogo, tazama kulia na kushoto, halafu tazama tena pande zote mbili kabla hujaachia breki. Zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani duniani ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Hao hawana bodi ya chuma. Nafasi unayowaachia wewe ndiyo bodi yao.

Karibu na lori refu kanuni ni moja: kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, naye hakuoni. Usikae hapo. Pita au rudi nyuma. Na lori linalokata kona huhitaji nafasi ya ndani ya kona ile, kwa sababu magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya magurudumu ya mbele. Usijipenyeze humo hata kama panaonekana pana.

Kuhusu simu nitasema machache, kwa kuwa kila mtu anajua na kila mtu anafanya. Sekunde tano za kusoma ujumbe kwa mwendo wa 80 ni mita 111 umeziendesha umefumba macho. Kifaa cha masikioni hakimalizi tatizo, maana mazungumzo yenyewe huchukua akili. Dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali takriban mara nne ya asiyetumia. Izime sauti, itupe kiti cha nyuma, na waambie watu wako mapema kwamba ukiwa njiani hupokei.

Hatua ya tano: fikiri kwa hesabu kabla ya kulipita gari jingine

Hapa ndipo watu wazima, wenye akili zao na familia zao, hupoteza maisha kwa ajili ya dakika moja. Hebu tufanye hesabu pamoja. Lori lenye trela linakwenda 80. Wewe unalipita kwa 100. Tofauti yenu ni kilomita 20 kwa saa, yaani mita tano na nusu tu kila sekunde. Unaanza ukiwa mita 20 nyuma yake, lenyewe lina urefu wa mita 18, na unataka kurudi upande wako ukiwa mita 20 mbele yake. Ongeza mita 4 za gari lako. Jumla ni mita 62, nazo zitakuchukua sekunde 11.

Katika sekunde hizo 11 utakuwa umesafiri zaidi ya mita 300 upande usio wako. Anayekuja naye, kama yuko 100, atakuwa amekula mita zake 300. Ina maana unahitaji barabara nyeupe isiyo na kitu kwa zaidi ya mita 600, na hapo hakuna akiba hata ya sekunde moja. Simama siku moja kando ya barabara iliyonyooka uzitazame mita 600. Ni mbali kiasi kwamba gari linaloonekana huko ni kidoa, na kidoa hicho huwezi kujua kinakuja kwa kasi gani.

Usikae umelinata lori mkiani ukisubiri nafasi. Rudi nyuma, ukiwa nyuma zaidi unaona zaidi. Hakikisha huko mbele hakuna kona, kilele cha mlima, daraja, makutano, kivuko wala mtu anayetaka kukata kuingia njia ya vumbi. Tazama vioo, maana huenda aliye nyuma yako ameshaanza kukupita wewe. Washa indiketa, toka, kanyaga mafuta bila kusitasita, na usirudi mpaka uone taa zote mbili za mbele za lori kwenye kioo chako cha ndani.

Moyo ukisita, umeshapata jibu. Baki.

Usimfuate mwingine anayelipita lori ukijificha nyuma yake. Nafasi aliyoiona ilikuwa yake peke yake. Na indiketa anayokupigia dereva wa lori usiichukulie kuwa ruhusa. Mmoja huiwasha kukwambia pita, mwingine kukwambia usipite, wa tatu anataka kukata kona kweli, na zote ni taa ile ile. Macho ya kulinda uhai wako ni yako mwenyewe. Vilevile, wewe ukipitwa, legeza mafuta kidogo umpe nafasi ya kurudi, hata kama amekosea. Ajali yake ikitokea, itakuwa mbele ya kioo chako.

Hatua ya sita: usibishane na usingizi

Nilikuwa nimeamka alfajiri, nikafanya kazi kutwa, nikaondoka usiku kwa sababu asubuhi nilitakiwa mji mwingine. Saa nane usiku nilikuwa kwenye 90, dirisha nimelifungua, redio juu, natafuna. Nakumbuka mstari mweupe wa katikati ukiingia chini ya gari, kipande baada ya kipande. Kinachofuata ninachokumbuka ni mlio wa changarawe chini ya matairi ya upande mmoja na tawi likikwaruza mlango. Katikati ya hayo mawili hakuna kitu, wala giza, ni kama filamu iliyokatwa. Niliegesha, nikazima injini. Abiria wangu alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo, na hakuamka hata kidogo. Nilimtazama kwa muda mrefu mikono ikinitetemeka. Sekunde tatu kwa mwendo ule ni mita 75, naye alikuwa amenikabidhi zote.

Usingizi wa namna ile hauombi ruhusa, na dirisha wala redio haviuzuii. Hujitokeza zaidi kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, na tena mchana kati ya saa nane na saa kumi. Utafiti umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huendesha kama aliye na kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi humshtaki dereva.

Dalili zake: unapiga miayo mfululizo, macho yanawasha, unapepesuka ndani ya upande wako, na hukumbuki kilomita tano ulizotoka kupita. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote. Ukiipata, tafuta mahali salama nje kabisa ya barabara. Kama unatumia kahawa, inywe pale pale, weka kengele ya dakika 20, lala. Kahawa huanza kazi baada ya takriban nusu saa, kwa hiyo utaamka na vyote viwili. Usilale zaidi ya hapo kama unataka kuondoka mara moja, utaamka mzito. Na katika safari ndefu, simama kila baada ya saa mbili, hata kama hujachoka.

Pombe sina mjadala nayo. Ini huisafisha taratibu, kahawa na maji baridi havimharakishi mtu, na aliyekunywa sana usiku anaweza kuwa bado mlevi asubuhi. Dawa za mafua na mzio nazo zisomwe karatasi yake. Nyingi huleta usingizi.

Hatua ya saba: badilisha mwendo kulingana na usichokiona

Usiku, taa za chini humulika vizuri mita 50 hivi tu. Rudi kwenye hesabu ya hatua ya tatu: ukienda 80 unahitaji karibu mita 70 kusimama. Maana yake mtu aliyevaa nguo nyeusi akitokea mwisho wa mwanga wako, utamgonga kabla gari halijasimama. Punguza mwendo mpaka uweze kusimama ndani ya mwanga ulio nao. Washa taa kali barabara ikiwa tupu, zishushe mapema ukiona mtu. Asiyeshusha zake usimlipizie. Hamisha macho kwenye ukingo wa barabara wa upande wako, ufuate mstari ule, na legeza mafuta. Jicho lililopigwa mwanga huchukua sekunde kadhaa kurudi.

Mvua ya kwanza baada ya ukavu ni hatari kuliko ya siku ya pili, kwa kuwa huchanganya vumbi na mafuta yaliyomwagika yakawa utelezi. Usukani ukiwa mwepesi ghafla huku maji yametapakaa, matairi yamepanda juu ya maji: ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani ulivyo, usikanyage breki, subiri yashike tena. Na maji yanayokatiza barabara usiyajaribu. Sentimita 30 za maji yanayokwenda kasi zinatosha kubeba gari dogo, 60 hubeba magari mengi makubwa, na chini yake huenda hakuna barabara tena.

Kwenye mteremko mrefu ingia gia ndogo ukiwa bado juu, si katikati. Acha injini ishike gari, breki ukanyage kwa vipindi. Kuweka nyutro ili kuokoa mafuta ni kuziachia breki mzigo wote. Zikipata moto sana huacha kushika, na hapo hakuna wa kukusaidia.

Hatua ya nane: fanya mazoezi kichwani ya siku mbaya

Tairi likipasuka, utajisikia unataka kuminya breki. Usifanye hivyo. Shika usukani kwa nguvu, liweke gari limenyooka, achia mafuta polepole, liache lipungue lenyewe, ndipo utoke pembeni.

Breki zikikataa, kanyaga na kuachia haraka haraka mara kadhaa, mara nyingine presha hurudi. Shuka gia moja moja. Vuta breki ya mkono kidogo kidogo, usiing'oe kwa mara moja, gari litazunguka. Piga honi, washa taa za dharura, tafuta mpando, mchanga au vichaka.

Magurudumu yakitoka nje ya lami, usiyarudishe kwa kukata usukani. Ajali nyingi za kupinduka huanzia hapo: dereva anavuta usukani, tairi linakwama kwenye kingo ya lami, kisha linapanda ghafla na gari linarushwa upande wa pili. Nyoosha, punguza mwendo huko huko kwenye changarawe, rudi likiwa taratibu.

Gari lenye ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki, likitetemesha kanyagio mguuni wakati wa breki ya dharura, usishtuke ukaachia. Endelea kukanyaga kwa nguvu zote na uelekeze usukani penye nafasi. Watu wengi huachia pale pale walipokuwa wanaokolewa.

Hatua ya tisa: kusimama na kusimamisha wengine

Ukishaegesha, fungua mlango kwa mkono ulio mbali nao. Utajikuta umegeuza mwili na kutazama nyuma, na mwendesha baiskeli aliyekuwa anakuja hataukuta mlango usoni.

Gari likiharibika njiani, lisukume nje ya lami kadiri inavyowezekana, washa taa za dharura, shusha abiria wote wasimame mbali na barabara, kisha weka pembetatu ya tahadhari mita 50 nyuma, au 100 kwenye barabara ya mwendo kasi kama inaruhusiwa na ni salama kuifikia. Matawi na mawe uliyoyaweka barabarani yaondoe ukiondoka. Jiwe lililosahauliwa limeua dereva wa usiku uliofuata.

Ukiikuta ajali, egesha mbele yake, si karibu nayo, na uwaonye wanaokuja kabla hujawakimbilia majeruhi. Zima injini ya gari lililogongwa. Majeruhi usimvute nje isipokuwa kuna moto au hatari nyingine ya papo hapo, kwa kuwa uti wa mgongo unaweza kuwa umevunjika. Damu inayochuruzika ibane kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuachia achia kuchungulia. Aliyevaa kofia ngumu ya pikipiki usimvue kama anapumua. Zungumza naye, mwambie jina lako, mwambie asisogeze shingo.

Na unapopiga simu ya msaada, wataalamu watakuuliza swali la kwanza: mko wapi? Hapo ndipo kwenye giza, katikati ya safari, watu hukwama. Kwa hiyo nawazoesha wanafunzi wangu kusoma kila kibao cha kilomita tunachokipita na kukitamka kwa sauti: hamsini na mbili, hamsini na tatu, hamsini na nne.